Vinia imeota malengelenge: je, gundi ilikuwa dhaifu?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina karakana ndogo ya samani hapa Tanga. Nilitengeneza meza ya chakula ya urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 90, kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, nikaivisha vinia, yaani utando mwembamba wa mbao, ya mkangazi upande wa juu. Nilitumia gundi ya kontakti, ile ya manjano ya kopo, kwa sababu ndiyo ninayobandikia fomaika siku zote na haijawahi kuniangusha. Meza ilitoka safi kabisa. Nikapiga sila (koti la kuziba vitundu) na laka kwa bunduki, kesho yake nikakuta malengelenge matatu. Nikayapitisha pasi yakalala. Mteja akaipeleka Dodoma, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Sasa ananitumia picha: malengelenge yamerudi na kuongezeka, maungio ya vinia yameachana hadi ukucha unaingia, na meza yenyewe imepinda. Mwenzangu mmoja anasema ninunue gundi kali zaidi, mwingine anasema nichanganye kontakti na gundi nyeupe, mwingine anataka twende tukaombe gundi ya kiwanda cha plaiwudi. Gundi ipi ni kali kuliko zote kwa vinia? Na hii meza inaokoka?"

Marahaba, fundi. Pole kwa hasara, na asante kwa kueleza mambo kwa mpangilio. Hilo la malengelenge kutokea siku moja baada ya laka, na hilo la Dodoma, ndiyo yaliyonipa jibu hata kabla sijafika mwisho wa barua yako. Meza yako ina maradhi matatu, kila moja na chanzo chake, na hakuna hata moja lililotokana na udhaifu wa gundi.

Wenzako wanatafuta "gundi kali" kwa sababu tumezoea kupima gundi kwa jinsi inavyoshika. Lakini vinia ya milimita 0.6 haihitaji nguvu nyingi kushikwa. Haibebi mzigo, haivutwi na mtu. Karibu kila gundi ya mbao inayouzwa dukani, ikitumiwa sawasawa, inashika kuliko nyuzi za mbao zenyewe zinavyoshikana. Ukitaka kuvisha vinia, uliza maswali mengine kabisa: gundi hii ikishakauka inakuwa ngumu au inabaki na mpira ndani yake? Ina maji au ina kiyeyushi? Na je, nina njia ya kuibana mpaka ikauke?

Tuanze na mpira. Gundi ya kontakti imetengenezwa kwa mpira wa viwandani ulioyeyushwa. Unapaka pande zote mbili, kiyeyushi kinaruka hewani, unabaki na tabaka mbili za mpira ambazo zikigusana zinashikana papo hapo. Ndiyo maana mafundi viatu wanaipenda: soli inakunjwa kila hatua na gundi inakunjika nayo. Kwenye fomaika pia iko mahali pake, kwa sababu fomaika ni ngumu, haipitishi kitu, na mwendo wake wa kuvimba na kusinyaa ni mdogo. Vinia ni mbao halisi, na mbao haijawahi kuacha kuvuta na kutoa unyevu, hata ikikatwa nyembamba kiasi gani.

Hapa ndipo Dodoma inapoingia. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida pwani, mbao hutulia ikiwa na maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 40, kama ndani ya ofisi yenye kiyoyozi au Dodoma wakati wa kiangazi, mbao hiyohiyo hushuka hadi asilimia 8 hivi. Maji hayo yakitoka, mbao husinyaa kwenye upana, kukingamana na nyuzi; kwa urefu haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Kipande cha mkangazi chenye upana wa sentimita 30, kikiachwa huru, kinaweza kupungua milimita 3 kwa safari hiyo. Gundi inayokauka na kuwa ngumu hukizuia: vinia inataka kusinyaa, lakini imefungwa kwenye MDF kila sehemu, kwa hiyo mvutano unagawanyika uso mzima na jicho halioni kitu. Gundi yenye mpira inaruhusu. Polepole, siku baada ya siku, kila kipande cha vinia kinateleza juu ya kitanda chake cha mpira kuelekea katikati yake, na maungio yanaachana. Hata ungepaka makopo mawili, yangeachana tu.

Malengelenge ni habari nyingine. Vinia ina vitundu, na laka uliyopiga ilichanganywa na tina. Tina ni kiyeyushi, na jamaa zake wa karibu ndio walioyeyusha ule mpira kiwandani. Ukipiga laka yenye maji mengi ya tina, sehemu yake inapenya vitundu, inafika kwenye gundi, inailainisha tena. Pale ambapo mgandamizo wako wa mwanzo ulikuwa mdogo, vinia inanyanyuka. Pasi ililaza malengelenge kwa sababu joto nalo linalainisha mpira, lakini halikuondoa chanzo. Ukilazimika kutumia kontakti kwenye vinia, iwe ni vinia iliyokwisha kubandikwa karatasi au fomaika nyembamba mgongoni tangu kiwandani, na laka ya kwanza iwe makoti mepesi yanayokauka haraka.

Na kupinda? Umevisha upande mmoja. Juu kuna vinia na laka, chini MDF iko wazi. Meza ilipofika kwenye hewa kavu, pande hizi mbili hazikutoa unyevu kwa kasi moja wala hazikusinyaa sawa, na ubao ukafuata upande wenye mvuto. Hakuna gundi duniani inayotibu hilo. Kinachofanywa upande wa juu kifanywe na upande wa chini: vinia kwa vinia, hata iwe ya bei nafuu, nyuzi zikielekea upande uleule, na laka makoti sawa. Najua mteja haoni chini ya meza na wewe unaona ni fedha inayopotea. Ndugu yangu, hilo ndilo sharti ambalo sitakulegezea.

Sasa tuzichambue gundi. Kwa karakana kama yako, ningechagua gundi nyeupe ya mbao, lakini si yoyote. Tafuta iliyoandikwa D3 kwenye kopo. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha gundi za mbao, kutoka D1 hadi D4, kinachoonyesha kiasi gani gundi inavumilia maji ikishakauka. Gundi nyeupe ya kawaida ya bei ya chini hufanya kazi kwa samani zinazokaa pakavu, lakini nayo hutambaa kidogo, yaani husogea polepole, ikivutwa kwa muda mrefu, na hulegea kwa joto na unyevu. D3 haitambai kiasi hicho, na kwa meza ya chakula inayofutwa kwa kitambaa chenye maji kila siku, tofauti ya bei inarudi yenyewe. Kasoro yake ni maji. Inalowanisha vinia, vinia inavimba na kujikunja, na usipoibana haraka itakushinda.

Gundi ya urea, ile ya unga, ndiyo bora zaidi kwa mtazamo wa ugumu. Ikikauka haitambai hata kidogo, na inakupa muda mrefu wa kupanga vinia kabla haijashika. Lakini zingatia jambo moja kuhusu ushauri wa kwenda kiwandani. Gundi ya urea ya majimaji inayotumika kwenye viwanda vya plaiwudi, kama vile vya Mafinga, imetengenezwa kwa ajili ya mashine ya kubana kwa joto, nyuzi 100 na zaidi. Ukiipeleka karakana isiyo na mashine hiyo, itabaki laini au itashika nusunusu. Inayokufaa ni ya unga inayouzwa na kigumishi chake, ya kukauka bila moto. Nayo inatoa formaldehaidi, kemikali ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Changanya mahali penye hewa, vaa glavu, usivute vumbi lake unapopiga msasa.

Epoksi haina maji kabisa, kwa hiyo haivimbishi vinia, na inajaza mapengo. Ni ghali, na kwenye vinia yenye vitundu vikubwa hupenya hadi juu na kuacha madoa yasiyokubali rangi. Naiweka kwa kazi za pembe zenye mkunjo, au msaji, ambao una mafuta yake ya asili. Na hata hapo, futa uso wa msaji kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka. Gundi ya ngozi ya wanyama, inayopashwa moto hadi nyuzi 60 hivi, ni mama wa gundi zote hizi. Katika kaburi la Rekhmire huko Misri, la karne ya 15 KK, kuna picha ya mafundi seremala na chungu cha gundi kikiwa motoni. Ni nzuri kwa kukarabati samani za kale kwa sababu inaweza kufunguliwa tena kwa joto na maji, lakini kwa hewa ya pwani yetu sitaipendekeza kwa meza ya chakula. Supagluu ibaki kwa kipande kilichobanduka ukingoni, cha ukubwa wa ukucha. Na kuchanganya kontakti na gundi nyeupe, usijaribu: moja ni ya kiyeyushi, nyingine ya maji. Zinagandana mabonge, na unapoteza zote mbili.

Nimesema gundi nyeupe ndiyo chaguo langu, lakini inadai mgandamizo, na hapa ndipo mafundi wengi hujidanganya. Nimeona watu wakipanga mifuko ya saruji juu ya ubao na kuamini kazi imekwisha. Hebu tupige hesabu kwa meza yako. Eneo lake ni sentimita za mraba 16,200. Mifuko kumi ya kilo 50 ni kilo 500. Ukigawanya, kila sentimita ya mraba inabeba gramu 31 tu. Kwa uzito huo vinia iliyolowa na inayotaka kujikunja haitii. Klampu ishirini, kila moja ikikaza kwa kilo 300 tu, zinakupa tani 6, sawa na gramu 370 kwa kila sentimita, zaidi ya mara kumi. Na mfuko wa plastiki unaonyonywa hewa kwa pampu, hapo Tanga usawa wa bahari, unaweza kufikia gramu 870 hivi, yaani kama tani 14 juu ya meza nzima, tena zikiwa zimeenea sawa kila mahali. Mgandamizo haufanyi gundi iwe kali; kazi yake ni kulaza vinia chini, kuisambaza gundi iwe nyembamba, na kuishikilia hapo wakati maji yanaingia kwenye mbao na chembe za gundi zinaungana.

Huna klampu ishirini? Chukua mbao za inchi mbili kwa nne, uziunganishe jozi jozi, moja juu moja chini ya kazi, kwa boliti za milimita 12 kwenye kila ncha. Gharama yake ni ndogo na zitakutumikia miaka. Ila piga randa upande unaogusa kazi, uwe na tumbo kidogo: katikati pawe juu kuliko ncha kwa milimita 2 au 3. Ukikaza ncha, katikati panabanwa kwanza. Bila tumbo hilo, kingo zinabanwa na katikati ya meza panabaki hewa, na malengelenge ya katikati ndiyo yale yasiyofikika. Weka jozi hizo kila baada ya sentimita 20, na kati yake na vinia weka ubao mnene ulionyooka na karatasi ya nailoni. Usitumie gazeti, litaganda na wino utabaki kwenye vinia.

Kuhusu upakaji: sugua MDF kwa msasa namba 120 kuvunja ule ung'avu wa kiwandani, futa vumbi lote. Paka gundi kwenye MDF tu, kwa rola ya manyoya mafupi. Usipake kwenye vinia, itajikunja kama karatasi iliyomwagiwa chai kabla hujaigusisha. Kiasi kinachofaa ni gramu 150 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo upande mmoja wa meza yako unataka gramu 240 na kitu. Pima kopo kwenye mizani ya jikoni kabla na baada, macho yanadanganya. Unataka utando mweupe uliolingana, usio na madimbwi. Gundi ikizidi, inapenya vitundu vya vinia na kutokea juu, na hapo hakuna rangi wala mafuta yatakayoshika. Zima feni. Kwa joto la Tanga una dakika chache tu, tano pengine, kutoka kupaka hadi kukaza, kwa hiyo kila boliti iwe mahali pake kabla hujafungua kopo. Maungio ya vinia yawe yameshanyooshwa na kuunganishwa kwa tepu ya karatasi upande wa juu. Visha pande zote mbili za MDF kwa mkupuo mmoja kama unaweza. Kaza kuanzia katikati kwenda nje.

Acha usiku kucha. Ukifungua, simamisha ubao ukutani pande zote mbili zipate hewa, usiulaze sakafuni. Kisha ngoja siku tatu au nne kabla ya msasa na laka, kwa sababu maji ya gundi bado yamo ndani ya vinia. Ukiharakisha, unafunga maji hayo chini ya laka na maungio yatazama baadaye. Na kwa kazi inayokwenda bara kavu, weka MDF na vinia siku kadhaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kabla ya kubandika. Vinia iliyokaa karibu na dirisha la upepo wa bahari imeshavimba. Ukiibandika hivyo, unabandika na upana ambao Dodoma itaudai.

Kuna njia ya pasi pia, kwa vipande vidogo kama milango ya kabati. Unapaka gundi nyeupe pande zote mbili, unaacha ikauke hadi ing'ae bila weupe, kisha unapitisha pasi ya joto la wastani juu ya vinia, gundi inayeyuka na kuungana. Inafanya kazi kweli. Lakini joto linakausha vinia papo hapo na kuisinyaza, kwa hiyo maungio huachana kidogo ukiyapanga ncha kwa ncha. Kwa meza ya mita 1.8 sikushauri.

Sasa meza iliyoko Dodoma. Nitakueleza ukweli bila kukupaka mafuta. Kama vinia ingekuwa imebandikwa kwa gundi nyeupe na lengelenge ni moja au mawili, ungelipasua kwa wembe kufuata nyuzi, ukaingiza gundi kwa bomba la sindano la duka la dawa, ukafunika kwa nailoni na kubana kwa kipande cha ubao hadi kesho yake. Kwako chini kuna mpira kila mahali, na gundi ya maji haishiki juu ya mpira. Pasi tena itakupa wiki chache. Kubandua vinia yote kwa joto inawezekana, lakini mabaki ya kontakti itabidi uyaondoe kwa tina na msasa hadi MDF ionekane, na ubao wenyewe umeshapinda. Ningetengeneza uso mpya na kubakiza miguu na fremu. Karatasi moja ya MDF ya mita 2.44 kwa 1.22 inatosha, na ule ubao wa zamani, ukinyooka ukibanwa, unakuwa ubao wako wa kubania. Mpigie mteja leo, umweleze tatizo na tarehe ya uso mpya, kabla hajaanza kukutangaza kwa wengine.

Kabla ya kuvisha uso mpya, fanya jaribio kwenye kipande cha sentimita 30 kwa 30, kwa gundi ileile na mgandamizo uleule. Baada ya siku moja, ingiza patasi chini ya vinia na uinue. Ikichanika na kuacha nyuzi zake kwenye MDF, au ikang'oa MDF yenyewe, endelea na kazi kubwa. Ikibanduka safi na gundi ikabaki inang'aa upande mmoja, simama: ama gundi ilikauka kabla hujabana, ama mgandamizo haukufika, ama MDF haikusuguliwa.

Kuna wakati maandishi hayatoshi. Ukipata kazi ya mita nyingi, kama milango ya ofisi nzima, usiingie kwa boliti na mbao. Kodi muda kwenye karakana yenye mashine ya kubana, au peleka sehemu hiyo ya kazi kwa karakana nyingine. Ukibandua jaribio mara ya pili na likatoka safi tena, chukua kile kipande pamoja na kopo la gundi uende navyo kwa walimu wa useremala VETA, au chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kule Moshi. Mtu akikishika mkononi ataona kwa dakika moja kitu ambacho picha ya simu haionyeshi. Na kuhusu ile kontakti unayoendelea kutumia kwa fomaika: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na jiko la mkaa la mama lishe mlangoni linatosha kuuwasha. Fungua milango, zima kila moto. Wewe au kijana wako wa karakana mkiumwa kichwa na kizunguzungu kazini, tokeni nje mara moja. Ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya miguu na mikono, kusikokwisha hata siku ya mapumziko, ni jambo la hospitali, na mwambie daktari jina la gundi na la tina mnazotumia.